Miezi sita nyuma ya pazia la pamba: baridi ya Harbin nilivyoijua

Ifikapo mwisho wa Oktoba, milango ya maduka, benki na kumbi za chakula mjini Harbin huvishwa mapazia. Hayakuwekwa kwa ajili ya urembo. Kila pazia ni mfarishi mzito uliojazwa pamba na kufunikwa kitambaa kigumu kama turubai, umepasuliwa katikati, na pale ambapo mikono ya watu hushika kila siku pamekuwa peusi na kung'aa kama kiti cha baiskeli ya zamani. Mara ya kwanza nilipoliona pazia la namna hiyo nilidhani duka limefungwa, nikageuka kuondoka. Mzee mmoja alinipita, akatanguliza bega, akapotelea ndani, na kwenye ule mpasuo ukatoka mvuke mweupe ulionukia mkate na vitunguu saumu. Nikamfuata. Nyuma ya pazia kulikuwa na kijichumba kisichozidi hatua mbili, kisha mlango mwingine, na ndipo duka lenyewe likaanza, na muuzaji wake alikuwa amevaa fulana ya mikono mifupi.

Nilifika Harbin Septemba 2013 nikitokea Tanga, kwa ajili ya masomo, na sikuwa nimewahi kuhisi baridi inayozidi ile ya Lushoto mwezi wa Julai. Harbin ni makao makuu ya mkoa wa Heilongjiang, kaskazini-mashariki kabisa mwa China, kwenye kingo za mto Songhua. Wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na usiku hushuka hadi 25, pengine hata 30. Nyumbani waliniuliza, na mpaka leo huniuliza, niliwezaje kuivumilia baridi hiyo. Swali lenyewe lina kasoro, kwa sababu watu wa Harbin hawaivumilii baridi. Wameichorea mpaka, wakaifungia nje, halafu huko huko nje wakaipa kazi za kufanya.

Upande wa ndani wa mpaka huo hulindwa na kitu wanachokiita nuanqi. Ni maji ya moto yanayotoka kwenye mitambo mikubwa ya mji, yakapita chini ya barabara kwa mabomba, yakaingia katika kila jengo na kuzunguka kwenye vyuma vilivyopangwa chini ya madirisha ya kila chumba. Hakuna anayewasha joto lake mwenyewe. Mji ndio unaowasha, tarehe 20 Oktoba, na mji ndio unaozima, tarehe 20 Aprili, na kila nyumba hulipia msimu mzima kulingana na mita za mraba za sakafu yake. Katika majengo ya zamani hakuna hata kifundo cha kupunguza, hivyo joto likizidi hufungua dirisha, huku nje kuna nyuzi 20 chini ya sifuri. Mimi niliyelelewa kuzima taa kila ninapotoka chumbani niliuona ufujaji huo kama dhambi, lakini kufika Januari ya pili na mimi nilikuwa nafungua dirisha.

Utaratibu huu wa joto la pamoja ulianza miaka ya 1950, na serikali iliamua ni nani atakayeupata kwa kufuata mstari unaopita kwenye milima ya Qinling na mto Huai. Miji iliyo kaskazini ya mstari hupashwa joto, na iliyo kusini huachwa ijitegemee. Ndiyo maana nilipomtembelea rafiki yangu aliyekuwa akisoma Wuhan, mji ulio kusini ya mstari huo, mwezi wa Januari, ambako nje kulikuwa na nyuzi nne juu ya sifuri, niliteseka kuliko nilivyowahi kuteseka Harbin. Darasani walivaa makoti. Maji ya kunawa yaliuma mifupani. Tulilala na chupa za maji ya moto miguuni, na asubuhi nilisita kutoka kitandani kwa sababu chumba kizima kilikuwa baridi kama kisima. Niliporudi Harbin na kuingia bwenini nilihisi nimefika nyumbani, na hilo lilinishangaza sana.

Kwa hiyo siku mbaya kuliko zote za Harbin si zile ambazo watu hupiga picha kope zao zikiwa nyeupe kwa barafu. Ni siku za mwanzoni mwa Oktoba, wakati usiku umeshaanza kugandisha maji na tarehe ya nuanqi bado haijafika, na zile za mwisho wa Aprili baada ya kuzimwa. Wenyeji husubiri tarehe 20 Oktoba kama watu wasubirio mwandamo wa mwezi, hugusa vyuma vya chini ya dirisha kwa kiganja na kuulizana ngazini kama vya jirani vimeshaanza kuwa vuguvugu.

Joto hilo lina gharama, na mwaka wangu wa kwanza niliiona waziwazi. Mitambo iliwashwa, makaa ya mawe yakaanza kuchomwa mji mzima, upepo ukakosekana, na ilipofika tarehe 21 Oktoba 2013 mji ulimezwa na moshi. Vumbi laini hewani lilifikia mikrogramu 1,000 kwa mita ya ujazo katika baadhi ya vituo, wakati kiwango kilichopendekezwa wakati huo na Shirika la Afya Duniani kwa siku moja kilikuwa 25. Shule zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na nilipochungulia dirishani sikuliona jengo lililokuwa ng'ambo ya barabara, ambalo jana yake nilikuwa nikihesabu nguo zilizoanikwa kwenye roshani zake. Nilipiga simu Tanga nikasema hapa ni salama. Sikujua niseme nini kingine.

Mwaka wa pili nilihama bweni, nikapanga chumba katika jengo la zamani pamoja na dada mmoja kutoka Morogoro aliyekuwa amenitangulia kwa miaka mitatu. Mambo mengi ya lazima nilifundishwa naye. Siku moja alinikuta ukumbini nikitoka huku koti langu la manyoya ya bata likiwa wazi.

"Mdogo wangu, unafunga wapi hilo koti?"

"Nikifika nje, dada."

"Nje ni kuchelewa. Unalifunga hapa, ukiwa na joto lako. Ukilifunga nje utakuwa umeifungia baridi ndani."

Kanuni ya pili ilikuwa ngumu zaidi: ukiingia ndani, vua hapo hapo, hata kama unakaa kwa dakika tano. Mgeni huogopa baridi, na kumbe adui wake mkubwa ni jasho. Ukikaa dukani umevaa tabaka nne, utalowa mgongo, na ukitoka nje unyevu huo utageuka kuwa baridi ambayo hakuna koti linaloweza kuizuia. Ndiyo maana watu wa Harbin hawavai nguo nyingi sana chini ya koti. Huvaa suruali ya ndani inayobana, wanayoiita qiuku, juu yake suruali ya kawaida au ya pamba, sweta moja, koti refu linalofika chini ya magoti, buti zenye soli nene, kofia inayofunika masikio, glavu na skafu. Basi. Buti hununuliwa zikiwa kubwa kidogo, kwa sababu mguu uliobanwa huganda upesi. Wazee wa zamani walijaza kwenye viatu vyao nyasi kavu ziitwazo wula, zilizopondwa kwa nyundo ya mti hadi zikawa laini, na nyasi hizo huhesabiwa pamoja na mizizi ya ginseng na manyoya ya mnyama mdogo wa msituni kuwa hazina tatu za kaskazini-mashariki. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, nyasi kuwekwa daraja moja na manyoya ya kitajiri, mpaka nilipotembea dakika 40 nikiwa na buti zilizonibana na kupoteza hisia za vidole vya miguu.

Somo la nywele nilijifundisha mwenyewe. Niliosha rasta zangu asubuhi, nikazikamua kwa taulo, nikatoka zikiwa na unyevu kidogo. Kabla sijafika kituo cha basi zilikuwa zimekakamaa kama vijiti vya mishikaki, na nilipogeuza kichwa ziligongana kwa sauti. Watoto wawili walisimama kunitazama kwa furaha isiyofichika. Mgeni ni kuku mweupe popote aendapo, lakini siku hiyo nilikuwa kuku mweupe anayelia kama njuga.

Hewa ya ndani nayo ina adha zake. Nuanqi hukausha kila kitu. Midomo hupasuka, pua hutoka damu, na ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti kidogo. Wenyeji huweka beseni la maji karibu na vyuma au hutandaza taulo mbichi juu yake usiku. Sisi tuliongezea mafuta ya mgando, makopo kwa makopo, yaliyokuja na kila aliyetoka likizo.

Bibi aliyetupangisha chumba aliishi ghorofa ya chini yetu, na tulimwita ayi, neno ambalo kwao humaanisha mama mdogo na huitiwa mwanamke yeyote wa rika la mama. Januari moja vyuma vya chumbani kwangu vilipoa ghafla. Nilipiga simu kwa wahusika siku tatu mfululizo, nikaahidiwa fundi ambaye sikumwona. Ayi aliposikia alipanda ngazi akiwa na beseni, kitambaa na kifunguo kidogo cha shaba. Akapiga magoti, akakiingiza kifunguo kwenye tundu la pembeni ya chuma, akazungusha robo duara. Ukatoka mlio mrefu kama wa tairi linalotolewa upepo. Akasubiri. Mlio ukakatika, tundu likaanza kutema matone, kisha maji meusi yenye harufu ya kutu yakachuruzika kwenye beseni. Akafunga. Akanichukua mkono na kuubandika kwenye chuma, na joto lilikuwa linapanda kutoka chini, pole pole, nikilifuata kwa vidole. Hewa ilikuwa imenasa ndani ya bomba na kuyazuia maji. "Fundi wa nini?" aliniuliza, akaondoka na beseni lake.

Ni huyu huyu ayi aliyenionyesha upande wa pili wa mpaka, yaani baridi inavyopewa kazi. Mwisho wa Oktoba malori huja mitaani yakiwa yamejaa kabichi ndefu za Kichina, viazi na vitunguu vya majani, na watu hununua kwa makumi ya kilo. Ni mazoea yaliyobaki kutoka enzi ambazo miezi sita haikuonekana mboga mbichi. Leo maduka yana kila kitu hadi nanasi, lakini wazee hawaachi. Ayi alianika kabichi zake kwenye ngazi za jengo kwa siku kadhaa hadi majani ya nje yakanyauka, akazichovya kwenye maji ya moto, akazipanga ndani ya mtungi mkubwa wa udongo tabaka kwa tabaka na chumvi, akazikandamiza kwa jiwe aliloliokota mtoni miaka mingi iliyopita na ambalo halifanyi kazi nyingine maishani. Baada ya mwezi hivi zikachacha. Hiyo ndiyo suancai, ambayo hukatwa nyembamba na kuchemshwa na nyama ya nguruwe na tambi za wanga wa viazi. Mimi kwa kuwa sili nguruwe alinitilia tofu, akinung'unika kwamba tunaipotezea suancai heshima yake.

Roshani yake ilikuwa friza. Samaki, jiaozi, yaani vitonge vya unga vyenye mjazo ndani, alivyovitengeneza kwa mamia, mikate, vyote vilikaa hapo nje ndani ya mifuko bila kulipiwa umeme. Barabarani wauzaji wa koni na aiskrimu za vijiti hawana hata sanduku la barafu. Hupanga maboksi juu ya lami na kusimama pembeni. Kwenye Zhongyang Dajie, ile barabara ya mawe waliyoijenga katika zama za Warusi waliokuja na reli mwaka 1898, watu hupanga foleni kununua aiskrimu katika nyuzi 25 chini ya sifuri, na huila wakitembea, bila haraka, kwa sababu haiyeyuki.

Tunda la msimu ni pea zilizogandishwa. Huachwa nje zikaganda na kuyeyuka mara nyingi hadi zinakuwa nyeusi kama mawe ya mkaa, na mgeni akiziona sokoni hudhani zimeoza. Ukitaka kula unazitumbukiza kwenye bakuli la maji baridi, wala si ya moto. Baada ya muda kila pea huvaa gamba la barafu linalong'aa, kana kwamba baridi iliyokuwa ndani yake imetoka nje na kuigandisha sehemu ya maji. Unalipasua gamba kwa kijiko, unang'ata kitundu kidogo kwenye ngozi, na unafyonza. Linalotoka ni maji matamu mazito, na mkononi kinabaki kifuko kitupu. Januari 2024, nikiwa zamani nimesharudi Tanga, marafiki walinitumia video za watalii wa kusini mwa China waliofurika Harbin, mji uliopokea wageni zaidi ya milioni tatu katika siku tatu za mwaka mpya, wakiandaliwa pea hizo zikiwa zimekatwa vipande na kupangwa kwenye sahani kama keki. Wenyeji walitania kwamba wao wamezifyonza maisha yao yote na hakuna aliyewahi kuwakatia.

Mto wenyewe huwa barabara. Kuanzia Desemba hivi Songhua huwa jiwe, na watu huuvuka kwa miguu hadi kisiwa cha Taiyang. Jumapili nilikuwa nikishuka huko kutazama wazee wakicheza pia. Ndiyo, pia, ile ile ya utotoni kwetu, isipokuwa yao ni kubwa kama kikombe cha chai na huchapwa kwa mjeledi mrefu juu ya barafu, na mlio wa mijeledi husikika ng'ambo ya pili. Mzee mmoja wa miaka sabini na kitu alinipa mjeledi wake. Nilichapa mara mbili, ya kwanza nikaikosa pia, ya pili nikateleza na kukaa chini kwa kishindo. Hawakunicheka; walianza kunifundisha kutembea. Usinyooshe mguu, usitangulize kisigino, weka unyayo mzima chini, hatua fupi, mwili umeinama mbele kidogo, mikono itoke mifukoni. Yaani utembee kama bata. Hatua chache mbele, watu wengine wa rika lao walikuwa wakijitosa kwenye bwawa lililokatwa katika barafu, wakitoka wakiwa wekundu kama kamba waliochemshwa. Hilo sikulijaribu na sitalijaribu.

Mwezi huo huo wa Desemba mto huvunwa. Wanaume hupanda juu ya barafu, huichora kwa misumeno ya mashine kama wapimao viwanja, kisha husimama safu moja na kugonga kwa mitaimbo hadi bonge linaachana na mto na maji meusi yanaonekana chini. Mabonge hayo ndiyo yanayojengewa minara na majumba ya tamasha la barafu, ambalo limekuwa likifunguliwa tarehe 5 Januari tangu mwaka 1985. Kabla ya hapo, mwaka 1963, kulikuwa na maonyesho ya taa za barafu katika bustani ya Zhaolin, na kabla ya hapo walikuwapo wavuvi waliojaza maji kwenye ndoo, wakaziacha nje hadi pande zigande, wakamwaga maji ya katikati na kuweka mshumaa ndani yake, ukalindwa na upepo. Nimelitembelea tamasha mara mbili na nimelistaajabia kama kila mtu, lakini kama ningeombwa kuchagua ningechagua ile ndoo.

Nje ya mji mambo huwa tofauti, kwani huko mabomba ya nuanqi hayafiki. Sikukuu moja ya mwaka mpya wa Kichina nilialikwa na mwanafunzi mwenzangu kijijini kwa bibi yake. Tulilala wote sita juu ya kang, jukwaa la matofali linalochukua karibu nusu ya chumba. Moto wa jikoni hauishii jikoni. Moshi wake hupitishwa kwenye njia zilizojengwa ndani ya jukwaa hilo na kutokea kwenye dohani upande wa pili, hivyo kuni zilizopika chakula cha jioni ndizo zinazowalaza watu. Upande ulio karibu na jiko huwa na joto zaidi, na hupewa mkubwa wa nyumba au mgeni. Nilipewa mimi. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu, basi nikalala nikiungua mgongo na pua imepoa, nikijigeuza kama chapati hadi alfajiri. Bibi alinieleza neno la huko kwa miezi hii, mao dong, ambalo ukilitafsiri neno kwa neno ni "kuupaka" wakati wa baridi, kwa maana ya kujikunja ndani kama paka. Mashamba yamelala, watu hucheza karata, humenya mbegu za alizeti na kusimuliana. Jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu China nzima hufuata saa ya Beijing, na giza refu namna hiyo lisingevumilika kwa mtu aliye peke yake.

Mwezi wa Aprili wa mwaka wangu wa mwisho mto ulipasuka na kuanza kubeba vipande vyake kuelekea mashariki. Tarehe 20 vyuma vilipoa. Ayi aliliteremsha pazia la pamba la mlango wa jengo letu, akalitandaza kwenye uzio na kulipiga kwa fimbo, vumbi la miezi sita likaruka juani. Kulikuwa na nyuzi 11 na mimi nilikuwa nimetoka na gauni jepesi na viatu vya wazi, nikijiona nimekuwa mwenyeji. Alinitazama kuanzia miguuni, akainua fimbo na kuelekeza ghorofani. Kwao hufundishwa kwamba vuli huachiwa ikupoze kidogo, lakini majira ya kuchipua usiyaamini upesi. "Qiuku," alisema, kama amwambiaye mtoto, na nikapanda ngazi kwenda kuivaa.